Sarafu ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Mama mkwe anataka kuolewa. Au hataki. Inategemea sarafu.

Niandike kwa utaratibu, maana nikisimulia kichwani naona mwenye wazimu ni mimi. Asubuhi tulikuwa mezani watatu: mimi, mke wangu na mama yake. Mama akasukuma kikombe pembeni, akafungua pochi yake ndogo, akatoa ile sarafu. Sote tunaijua. Marehemu baba mkwe, fundi makufuli, ndiye aliyempa siku alipokwenda kumposa. Alimwambia hivi: hii ilitoka kiwandani kwa makosa, duniani haina mwenzake, na nilikuwa namtafuta mtu wa kumpa. Mama akaifumba kiganjani, akakubali posa. Hiyo ndiyo hadithi ya ndoa yao, na mimi nimeisikia hata siku za homa.

Sasa kuna mshonaji wa mtaa wa nyuma. Mgane, mpole, suruali zake zimenyooka. Tangu mwaka jana anakuja kunywa chai na mama. Juzi mama akamwonyesha sarafu. Mshonaji akaigeuzageuza, akasema polepole, "Mbona kitu kama hiki kinatengenezeka."

Chai ile haikuisha.

Mama ametoa uamuzi. Kama sarafu ni ya kweli, mshonaji atafute nyumba nyingine ya kunywa chai. Kama ni ya kughushi, anaolewa naye. "Nimekaa mjane kwa heshima ya mtu mkweli," alisema. "Kama alinidanganya siku ya kwanza, heshima hiyo naipeleka kwingine."

Mke wangu alipaliwa.

Nikauliza nani ataamua. Mama akanitazama. Mimi — kwa sababu nina mizani ndogo.

Jumanne, 4 Machi

Mimi ni fundi wa meno ya bandia. Sarafu naziona dukani kama watu wengine. Lakini kazi ni kazi, nimeiweka kwenye benchi baada ya kumaliza meno ya juu ya yule hakimu mstaafu.

Upande mmoja kuna bwana mwenye masharubu makubwa, anatazama kulia. Hapa nyumbani jina lake ni Masharubu. Maandishi yamemzunguka, hakuna anayeyasoma. Ukigeuza, badala ya kukuta ngao au simba, unamkuta Masharubu tena. Ila safari hii amezama ndani, na anatazama kushoto. Kama mtu aliyelala kifudifudi kwenye mto, akaamka, akaacha uso wake pale.

Kwangu si ajabu sana. Vitu vya namna hii nashika kutwa. Daktari anamng'atisha mgonjwa, ananiletea chapa ya kinywa, mimi namimina plasta, napata meno. Chapa na meno, ndiyo maisha yangu. Hapa mtu ameviweka mgongo kwa mgongo.

Vipimo. Sumaku — haikuivuta. Mizani, hewani kisha majini — fedha, tena fedha nzuri. Kuigonga mezani — ililia vizuri, kwa muda mrefu.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na ndoo. "Si umeona? Ni ya kweli."

Nikamweleza kwamba fedha ni ya kweli, hilo halina ubishi. Swali ni lile kosa. Je, ni kosa la kiwandani au kuna mtu amelitengeneza?

"Kosa ni kosa," akasema. "Mwambie ni ya kweli. Umri ule aende kuvaa gauni?"

Basi niseme, kwa kuwa hapa hasomi mtu. Mke wangu anataka iwe ya kweli. Mimi nataka iwe ya kughushi. Chumba anacholala mama kilikuwa chumba changu cha plasta. Tangu alipohamia namimina plasta bafuni, na kila siku ananilalamikia kwamba sabuni imekuwa jiwe. Mama mwenyewe nampenda. Chumba nakipenda pia. Jaji wa namna hii mahakamani angefukuzwa asubuhi tu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda kwenye lile duka la vitu vya kale karibu na posta. Mwenye duka hakunyanyuka. "Sarafu siyo fani yangu," alisema, "mimi ni wa stempu." Lakini alipoiona alivuta kiti, akachomoa lenzi.

Alinielewesha hivi. Kiwandani mashine inagonga sarafu, sarafu inatoka, kipande kingine kinaingia. Mara chache sarafu inanasa. Haitoki. Kipande kinachofuata kinaingia kikiwa hakina habari, kinagongwa pamoja nayo. Juu kinapata uso wake wa halali. Chini kinapata chapa ya uso wa ile iliyonasa. Ndiyo hii. Wenye fani yao huitafuta kwa tochi.

Nikauliza, kwa hiyo ni ya kweli?

"Au kuna mtu alichukua sarafu mbili na nguvu nyingi. Hiyo pia hutokea."

Ni ipi?

"Ningejua nisingekuwa wa stempu."

Nikitoka nikakutana na mshonaji uso kwa uso, kabeba marobota ya kitambaa. Nilikwama kidogo. Nimsalimie kama nani? Kumwita baba ni mapema mno. Kumwita mzee ni kumzeesha. Nikasema shikamoo fundi, akasema marahaba fundi, tukaendelea pamoja.

Hakuniuliza nimefikia wapi. Alisema tu kwamba mdomo ulimponyoka. Kazi yake inamzoesha kugeuza vitu upande wa ndani, kutazama mshono, na kusema kilichopo. "Nikishinda kwa kumwaibisha marehemu," akasema, "nitakuwa nimeshinda nini?" Kisha akaniambia koti langu limepinda bega la kushoto, nimpelekee.

Nimeanza kumpenda huyu mtu. Hilo nalo halinisaidii.

Jumamosi, 8 Machi

Balaa. Leo nimekaa na sarafu chini ya taa ya kazi kutazama uso ulioinuka, ule wa halali, nione dalili za kubanwa au kugongwa. Hakuna kitu. Yaani hakuna kabisa. Pua laini, masharubu laini, nywele zimeyeyuka kichwani. Nikamwita mama nikamuuliza sarafu hii huwa inawekwa wapi.

Kumbe huisafisha! Kila Ijumaa, kwa mswaki na unga wa meno. Tangu aposwe. Na mswaki wenyewe tangu ahamie kwetu ni ule mgumu wa karakana yangu, ambao siku zote nilidhani naupoteza.

Nikamwambia ameusugua ushahidi wote. Akaniambia marehemu alipenda vitu visafi.

Kwa hiyo uso ulioinuka hauwezi tena kutoa ushahidi. Umebaki ule uliozama. Mswaki unaweza kupita humo, unaweza kulainisha, lakini kuna jambo hauwezi. Hauwezi kuongeza kitu ambacho hakikuwepo.

Nikafanya nilichopaswa kufanya Jumanne, kama ningekuwa na akili. Nikamimina plasta kwenye lile shimo, ile nyeupe nzuri ya kazi za daktari. Plasta ikikauka itanipa uso wa sarafu ile nyingine, iliyoacha chapa. Kama ilinasa kwenye mashine, basi ilikuwa mpya, imezaliwa muda uleule. Itakuwa safi kama jino la mtoto. Kama ilitoka mfukoni mwa mtu, itaonekana imetoka mfukoni mwa mtu. Chapa ya kinywa inaeleza umri wa mwenye kinywa, hata akiuficha kwa daktari.

Nimemimina bafuni. Mama kanikuta, kafumba macho, katoka.

Jumatatu, 10 Machi

Mke wangu amesema nikitamka ni ya kweli, yeye mwenyewe atamhamishia mama chumba cha mbele, na cha plasta nirudishiwe. Sasa nafsi yangu haina tena pa kuegemea. Nikisema ni ya kweli napata chumba, nikisema ni ya kughushi napata chumba.

Nimelala vizuri kwa mara ya kwanza wiki hii. Nikiamua, nitaamua kwa sarafu.

Jumatano, 12 Machi

Plasta imetoka. Masharubu mweupe, ameinuka, anatazama kulia kama kawaida.

Ana mikwaruzo.

Si mmoja. Kuna mmoja mrefu kutoka sikioni hadi kwenye kola. Kuna kifungu cha midogo shavuni, imepishanapishana. Na kwenye paji la uso kuna kijishimo. Nimerudi kwenye sarafu yenyewe na lenzi: mle ndani ya shimo, mahali pa kila mkwaruzo, kuna uzi wa fedha umeinuka. Uzi mwembamba kabisa. Mswaki hauwezi kuinua uzi. Mswaki unatoa tu.

Nimeizungusha hoja hii kila upande, nikiitafutia tundu la kutokea. Sijaliona. Sarafu iliyoacha chapa ilikuwa imekwaruzwa kabla. Ilikwishakaa mifukoni na vitu vigumu. Huko shavuni mikwaruzo imekaa kama inavyokaa kwenye mfuko wa mtu anayetembea na funguo.

Marehemu baba mkwe alikuwa fundi makufuli. Alitembea na funguo za mtaa mzima.

Kwa hiyo si ya kiwandani. Alichukua sarafu mbili za Masharubu. Moja akaisawazisha mgongo kwa tupa, akaipasha moto fedha ilainike, kisha akaikandamizia ile nyingine mgongoni. Akaenda akamwambia msichana kwamba duniani haina mwenzake. Na sijui kwa nini, nilivyoelewa hayo sikufurahi hata kidogo. Chumba cha plasta sikukikumbuka mpaka nilipokaa kuandika.

Mke wangu nimemwonyesha. Alitazama plasta muda mrefu. Alisema, "Baba." Basi. Akaenda kufua nguo ambazo zilikuwa safi.

Ijumaa, 14 Machi

Nimejipa siku moja ya kutafuta kasoro katika hukumu yangu mwenyewe. Kusema "alitengeneza" ni rahisi. Je, inatengenezeka?

Vaisi ya marehemu ninayo. Ile ya kubania vyuma, imefungwa mwisho wa benchi langu, nilirithishwa baada ya msiba kwa sababu hakuna mwingine aliyeweza kuinyanyua. Nikachukua sarafu ya siku hizi, nikaitolea nakala kadhaa kwa ile metali laini tunayofanyia majaribio: upande mmoja kichwa cha mheshimiwa, upande wa pili bapa. Halafu nikaweka sarafu halisi kwenye ule mgongo bapa, nikabana kwa nguvu zote.

Ya kwanza: chapa ilitoka vizuri, lakini mheshimiwa wa upande wa juu alilala uso mzima. Taya la vaisi lilimsaga. Ya pili nikaweka kipande cha mbao chini yake. Mheshimiwa akatoka na nyuzi za mbao usoni. Ya tatu nikaweka karatasi. Afadhali hata ile ya kwanza.

Mke wangu akaingia na chai. Akaona benchi. Akauliza hizi ni nini.

Hapo ndipo nilipoona. Natafuta aliyeghushi sarafu ya kale, na mbele yangu kuna rundo la sarafu za serikali nilizotoa mwenyewe mchana kweupe!

"Utafungwa," akasema mke wangu, "kwa ajili ya mama mkwe. Watu wataniuliza mume yuko wapi, nijibu nini?"

Nikamwonyesha kwamba hazina nyuma, hakuna duka litakalozipokea. Hakuridhika. Lakini alichukua ile ya nyuzi za mbao, akaitazama, akauliza, "Na baba aliwezaje?"

Sijui aliwezaje. Inabana, inaharibu. Ili upate moja nzuri lazima uwe umeharibu nyingi, na alikuwa anaharibu fedha, akiwa kijana, fundi mwanafunzi asiye na kitu. Hilo sikulifikiria Jumatano.

Jumapili, 16 Machi

Naandika nikiwa karakana, juu ya benchi, mambo bado yanaendelea. Nikingoja hadi kesho nitasahau nani alisema nini.

Mama alitukusanya sebuleni baada ya chakula. Mshonaji alikuwepo, koti jeusi, mikono magotini kama mgonjwa anayesubiri kuitwa. Mke wangu alikaa karibu na mama yake. Sarafu ilikuwa mezani. Mama akasema, "Haya, mkwe. Sema."

Nilikuwa nimepanga maneno. Yakapotea. Nikasema tu kwamba fedha ni ya kweli, Masharubu ni wa kweli, lakini kosa si la kiwandani. Imetengenezwa. Nikamwonyesha plasta, nikamwonyesha mkwaruzo wa sikioni kwa ncha ya kalamu.

Mshonaji hakutabasamu. Alitazama chini, na mimi nilimheshimu kwa hilo.

Mama akauliza, "Na nani?"

"Mama, na mtu mwenye vaisi na funguo."

Nilidhani mama atalia, nikawa najilaumu. Hakulia. Aliuliza inachukua muda gani kutengeneza kitu kama hicho. Nikasema mimi nimejaribu na sijaweza. Akauliza, hata moja? Hata moja, mama. Akauliza, na ukikosea, ile fedha inafaa tena? Nikasema inaharibika.

"Alikuwa na koti moja," akasema mama. "Mwaka ule wa posa alikuja kwetu mvua ikinyesha, bila koti. Nikadhani ni maringo."

Mke wangu akaanza kusema ahadi ni ahadi, mama, hukumu imetoka, ukitaka kuolewa olewa. Yeye! Aliyekuwa akinihonga chumba! Mama akamnyamazisha kwa kiganja tu. Akamgeukia mshonaji.

"Wewe ndiye uliyesema kinatengenezeka."

"Nilisema, mama."

"Basi tengeneza."

Ndiyo maana tuko huku. Sote wanne, na karakana yangu inamtosha mtu mmoja na nusu. Mama amekalia kiti changu. Mshonaji amevua koti, amelitundika kwenye msumari wa aproni. Nimempa nakala zangu zilizobaki na sarafu halisi. Nimemwonyesha mpini wa vaisi unazunguka upande gani, kwa sababu aliuanza kinyume.

Ya kwanza imemponyoka, imeruka, tumeitafuta chini ya kabati la plasta. Ya pili ameibana kidogo mno, chapa haionekani. Ya tatu ameibana kwa hasira ya ya pili. Mheshimiwa amelala uso mzima, kama nilivyomlaza mimi.

Mikono yake ni ya sindano. Mpini unaiponyoka. Nimeinuka nimsaidie kuushika mpini.

"Kaa," amesema mama. "Marehemu alisaidiwa na nani?"

Nimekaa juu ya ndoo.

Mshonaji amesimama kidogo, amejifuta uso kwa leso. Amelitazama taya la vaisi. Amezitazama zile zilizoharibika, zake na zangu, akizipapasa upande uliosagika. Halafu ameitazama leso. Ameikunja, akaikunja tena, akaibonyeza kwa kidole gumba kupima unene, akaikunja mara ya mwisho. Amechukua nakala iliyobaki — ni moja tu — amemlaza mheshimiwa kifudifudi juu ya leso. Ameweka sarafu mgongoni. Amebana. Polepole, robo mzunguko, anasubiri, robo mzunguko, kama anayepitisha kitambaa kizito chini ya sindano.

Kitambaa. Mimi nimeweka mbao, nimeweka karatasi. Kitambaa hakikunijia.

Mama ameacha kuegemea kiti.

Amefungua. Imedondoka kiganjani mwake. Ameitazama pande zote mbili, akampa mama.

Nimechungulia. Chapa ipo, imezama sawasawa. Upande wa juu uso haukusagika. Si kazi safi. Sarafu ilisogea kidogo ikibanwa, kwa hiyo ile pua iliyozama ina kona. Lakini ni uso, na nyuma yake ni uso.

Mama miwani yake iko sebuleni. Mke wangu amesema nikuletee miwani? Mama anaipapasa kwa kidole gumba, mbele, nyuma, mbele. Mkono wa pili una ile ya marehemu. Sijui aliichukua saa ngapi kutoka mezani.

"Pua imepinda," amesema.

Mshonaji amesema, ndiyo mama, imepinda. Ameniuliza kama kuna nakala nyingine. Nimemwambia zimekwisha, lakini naweza kumtolea nyingine kesho. Amemgeukia mama, amenyoosha mkono ili arudishiwe hiyo, aitupe na zile nyingine.

Mama amefumba kiganja. Mkono wa mshonaji bado umenyooshwa.